Injini Inapokataa Kushika Moto

Mhadhara kwa mafundi na wanafunzi wa ufundi



Nimeombwa nizungumzie injini ya jeti inayoenea kwenye viganja viwili, ile inayofungwa kwenye ndege ndogo za kurushwa kwa rimoti, na hasa tatizo linalowasumbua karibu wote wanaoigusa. Unabonyeza swichi, starta inazungusha, unasubiri, na moto haushiki. Nitasema jambo moja tangu sasa, na mengine yote yatakuwa ni kulifafanua hilo. Injini iliyokataa kuwaka si ile injini uliyokuwa nayo dakika moja iliyopita. Jaribio lililoshindwa limeacha kitu ndani yake: gesi, mafuta, joto, au betri iliyopungua nguvu. Anayebonyeza swichi mara ya pili bila kuuliza ni kitu gani kimeachwa, anawasha injini nyingine asiyoijua.

Tuijue mashine kwanza. Mbele kuna gurudumu la kompresa, la aina ile ile inayokaa kwenye turbo ya gari. Nyuma yake, kwenye shafti hiyo hiyo, kuna gurudumu la turbaini lililotengenezwa kwa chuma kinachovumilia moto. Katikati, likiizunguka shafti pande zote, kuna chumba cha mwako chenye umbo la pete. Mwaka 1983, huko Uingereza, Jerry Jackman alirusha ndege ya modeli iliyosukumwa na injini ya jeti ya namna hii. Baadaye Mjerumani Kurt Schreckling akaonyesha kwamba mtu mwenye karakana ndogo ya nyumbani anaweza kujitengenezea yake. Gurudumu la kompresa la injini yake lilikuwa la mbao, likafungwa kwa nyuzi za kaboni ili lisipasuke. Kisha ikaja KJ-66, kazi ya Thomas Kamps wa Ujerumani na Jesús Artes wa Hispania, ambayo michoro yake imejengwa na mafundi wa nchi nyingi. Ile 66 ni kipenyo cha gurudumu la kompresa kwa milimita. Linapozunguka mara 115,000 kwa dakika, ncha zake hukimbia karibu mita 400 kila sekunde, kasi inayoipita ya sauti. Nawataka mkumbuke tarakimu hiyo kila mtakaposhawishika kuifanyia haraka mashine hii kwa sababu ni ndogo.

Sasa, kwa nini kuiwasha ni kazi? Injini ya pistoni hujibania hewa yake hata ukiizungusha polepole kwa kamba. Turbaini haina bahati hiyo. Moto wake unahitaji hewa, hewa inasukumwa na kompresa, kompresa inazungushwa na turbaini, na turbaini inazungushwa na moto. Ni duara, na mtu wa nje lazima aingilie mahali fulani ili lianze kujiendesha. Mtu huyo ni starta, mota ndogo ya umeme iliyo puani mwa injini. Lakini starta inaleta upepo tu, na upepo peke yake huzima moto kuliko unavyouwasha.

Kisha kuna tatizo la mafuta yenyewe. Injini hizi hula mafuta ya taa, au ndugu yake aitwaye Jet A-1 anayejazwa kwenye ndege kubwa, yakichanganywa na asilimia 3 hadi 5 ya oili ya turbaini kwa ajili ya beringi. Mafuta ya taa yakiwa maji hayawaki. Kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke wa kutosha haupatikani mpaka yapate joto. Wazee mlio hapa mliowahi kuwasha karabai mnalijua hili kuliko wahandisi wengi. Ulimwaga spiriti kidogo kwenye kikombe, ukaiwasha, ukangoja bomba lipate moto, ndipo ukapiga pampu. Mwenye haraka aliyepiga pampu kabla ya wakati alipata moto mrefu wa njano, masizi darini, na mafuta yakichuruzika ubavuni mwa taa. Ndani ya injini yetu kuna vijibomba vilivyokaa katikati ya moto, na kazi yake ni ile ile ya bomba la karabai: kugeuza mafuta kuwa mvuke kabla hayajaungua. Vikiwa baridi, havifanyi kazi hiyo. Kwa hiyo kuna injini zinazoanza kwa gesi, propani au mchanganyiko wake na butani, ambayo haihitaji kuvukizwa na mtu. Gesi ikiwaka inapasha vijibomba, ndipo mafuta ya taa yanaruhusiwa kuingia.

Wazo hilo halikuanzia kwenye modeli. Hans von Ohain, Mjerumani aliyebuni injini ya jeti wakati mmoja na Waingereza bila wao kujuana, alipojaribu mashine yake ya kwanza pamoja na fundi Max Hahn alipata miali mirefu nyuma ya injini: mafuta yalikuwa yakiungua baada ya kupita mahali yalipotakiwa kuungulia. Alipohamia kwa mtengeneza ndege Heinkel, hakung'ang'ana kwanza na mafuta ya maji. Alijenga injini ya majaribio iliyoendeshwa mwaka 1937 kwa gesi ya haidrojeni, akathibitisha kwamba mzunguko wa hewa na turbaini unafanya kazi, ndipo akarudi kupambana na mafuta. Mimi naona hapo somo kubwa la utafutaji wa kasoro kuliko somo la historia. Alitenganisha maswali mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja, akalijibu moja kabla ya jingine.

Kwa injini ya modeli inayoanza kwa gesi, yenye msukumo wa karibu kilo 10, kompyuta ndogo ndiyo inayoongoza mambo. Starta inapandisha kasi hadi mizunguko elfu chache kwa dakika. Plagi inawaka. Vali ya gesi inafunguka. Sensa ya joto iliyo kwenye ekzosi ikiona joto limepanda, kompyuta inasadiki kwamba moto umeshika, inaongeza kasi ya starta na kuanza kudondosha mafuta kwa pampu. Mizunguko inapanda, gesi inafungwa, starta inajiondoa karibu na mizunguko 25,000 au 30,000, na injini inakaa kwenye mwendo wake wa chini, karibu 33,000 hadi 35,000. Safari nzima haifiki dakika moja mambo yakienda vizuri.

Yasipokwenda vizuri, nataka twende kwanza Rugby, Uingereza, tarehe 12 Aprili 1937. Frank Whittle, ofisa wa jeshi la anga, anawasha kwa mara ya kwanza injini yake katika karakana za British Thomson-Houston. Injini ikashika, kisha ikaanza kuongeza kasi bila kuamriwa. Whittle akafunga vali ya mafuta, na kasi ikazidi kupanda. Waliokuwa karibu wakakimbia kujiokoa. Yeye akabaki mahali pake mpaka mashine ilipotulia yenyewe. Siku zilizofuata jambo hilo likajirudia, hadi sababu ilipojulikana. Kulikuwa na mafuta yaliyovuja na kutuama ndani ya injini kabla ya kuwashwa. Vali ilizuia mafuta yaliyo kwenye bomba, lakini haikuwa na amri juu ya yale yaliyokwisha kuingia. Injini ingeendelea kukimbia mpaka yaishe.

Kila jaribio lililoshindwa baada ya pampu kuanza kufanya kazi linaijenga upya hali ile ya Rugby, kwa kipimo kidogo. Mafuta yameingia, hayakuungua, yamelala tumboni mwa chumba cha mwako. Ukiwasha tena, gesi inashika vizuri sana, na ghafla dimbwi lile linashika pia. Moto unatoka nyuma ya ndege, joto linapita kiwango ambacho turbaini inavumilia, na kompyuta ikizima pampu haisaidii kitu, kwa sababu pampu si chanzo cha moto huo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza baada ya kushindwa ni kuacha. Zima umeme wa plagi. Funga gesi. Fungua vifuniko vyote vya mwili wa ndege, kwa sababu propani ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu. Haipandi kuondoka, inashuka na kukaa chini ya mabawa na kwenye vyumba vya betri. Inua pua ya ndege juu ili mafuta yachuruzike kupitia ekzosi, na angalia ndani kwa tochi mpaka uone pamekauka. Kisha zungusha starta peke yake, bila gesi, bila mafuta, plagi ikiwa imezimwa, upepo upite na kusafisha. Mtungi wa kuzimia moto uwe wa kaboni dioksaidi, na aushike mtu wa pili ambaye kazi yake ni hiyo tu. Wa unga utauzima moto, lakini unga huo ukinyonywa utaharibu beringi na kula metali, na injini itakuwa imekufa kwa dawa. Moto mdogo ukibaki ndani, mara nyingi starta ikizungushwa bila mafuta inaupuliza na kuumaliza. Ukikataa, kaboni dioksaidi inapulizwa kupitia mdomo wa hewa wa mbele.

Hapo ndipo utafutaji unapoanza, na unaanza kwa sikio na pua kabla ya skrini. Gesi inaposhika ndani ya injini kuna mlio mdogo, mzito, wa "puf". Waliouzoea hawaukosi. Je, uliusikia? Je, nyuma ya ekzosi kulikuwa na harufu ya gesi? Kulikuwa na moshi, na wa rangi gani? Majibu matatu haya yanakata kazi kwa nusu. Harufu ya gesi bila mlio maana yake gesi inafika lakini joto halipo, au hewa imeizidi. Hakuna harufu wala mlio, usiiguse plagi. Tafuta vali, mrija, mtungi. Mlio ukiusikia lakini kompyuta ikakataa kwamba moto umeshika, kasoro iko kwenye macho ya kompyuta. Na moshi mweupe mzito ni mafuta yaliyovukizwa na joto la chuma bila kupata mwali. Huo ukikutana na cheche nyuma ya ndege utalipuka usoni mwa aliyesimama pale.

Tukae kwenye plagi kwa muda, maana ndiyo inayolaumiwa zaidi na kueleweka kidogo zaidi. Wengi wanaingia kwenye turbaini wakitokea kwenye injini ndogo za pistoni zinazotumia methanoli, na wanakuja na mazoea ya huko. Kwenye injini ya methanoli waya wa platini ndani ya plagi unashirikiana na mafuta yenyewe: injini ikishawaka, unaondoa betri na waya unaendelea kuwa mwekundu, kwa joto la mwako na kwa sababu platini inachochea methanoli kuungua juu yake. Kwenye turbaini hakuna methanoli. Waya lazima upate joto lake lote kutoka kwenye umeme, na joto hilo liwe kali: rangi ya chungwa inayong'aa, wekundu wa kufifia hautoshi. Tena kwenye injini ya pistoni waya umejificha ndani ya kikombe chake na mchanganyiko unasukumwa humo kwa nguvu. Kwenye turbaini hakuna anayesukuma. Ndiyo maana mafundi huuvuta waya kwa ncha ya sindano, mizunguko miwili au mitatu ichungulie nje ya mdomo wa plagi, ikutane na gesi inayopita. Ukivuta kidogo mno, haigusi gesi. Ukivuta ovyo, waya unaegemea ukuta wa plagi, umeme unapita njia ya mkato, na nusu ya waya inabaki baridi.

Lakini kuna mtego ambao umewapotezea watu maboksi ya plagi nzima. Unaitoa plagi, unaiunganisha kwenye waya wake, inang'aa vizuri mkononi mwako. Unasema plagi ni nzima. Unairudisha, injini haiwaki. Unabadilisha plagi, hali ni ile ile. Kilichotofautiana ni nini? Mkononi mwako hewa ilikuwa imetulia na starta ilikuwa imelala. Ndani ya injini upepo wa kompresa unaupuliza ule waya na kuupoza, na betri ile ile inayolisha plagi sasa inalisha na starta, ambayo inavuta umeme mwingi sana sekunde za mwanzo. Betri iliyochoka inashuka volti, plagi inafifia wakati ule ule inapohitajika. Kwa hiyo kipimo chenye maana kinafanywa mita ya umeme ikiwa kwenye plagi, starta ikizunguka, gesi ikiwa imefungwa. Ukiona volti zinaanguka, usinunue plagi. Chaji betri au ibadilishe, kisha ufuate nyaya. Umeme wa plagi hurudi kupitia mwili wa injini, na unganisho la ethi lenye kutu au skrubu iliyolegea linakula volti bila kuonekana na jicho. Weka ncha moja ya mita kwenye mwili wa injini na nyingine kwenye hasi ya betri wakati plagi inawaka. Kinachosomeka hapo ni umeme unaopotea njiani.

Injini zinazowashwa kwa mafuta ya taa moja kwa moja, bila gesi, zina plagi ya kauri inayopashwa kwa muda mrefu zaidi, na mrija mwembamba unaoidondoshea mafuta. Hizi zina ugonjwa wake. Mafuta yakizidi yanaizamisha plagi na kuipoza. Yakipungua au yakiwa na hewa, hakuna cha kuungua. Mrija ule mwembamba huziba kwa utando wa mafuta yaliyokauka injini ikikaa miezi bila kazi. Anayetafuta kasoro hapa aangalie tone: linadondoka, au halidondoki?

Gesi nayo ina tabia zinazobadilika na mahali. Butani huchemka karibu na nyuzi sifuri za selisiasi, propani kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Mjerumani anayewasha injini yake asubuhi ya Januari kwa mtungi wenye butani tupu anaweza kuutikisa, akasikia kimiminika ndani, na bado asipate gesi, kwa sababu haichemki. Ndiyo maana vitabu vya Ulaya vinasisitiza propani. Sisi wa pwani shida yetu ni kinyume. Mtungi mdogo uliolala juani Dar es Salaam mwezi wa Februari unaweza kufika nyuzi 40, na shinikizo la propani hapo ni zaidi ya mara moja na nusu ya lile la nyuzi 20. Tundu la gesi halijabadilika, lakini gesi inayopita imeongezeka. Propani inawaka ikiwa kati ya takriban asilimia 2 na 10 ya hewa. Ikizidi hapo, inapita mbele ya plagi inayong'aa bila kushika. Fundi aliyesoma kitabu cha Ulaya anaongeza gesi zaidi, na anazidi kuharibu. Mtungi uwekwe kivulini, usimame wima ili itoke gesi na si kimiminika, na vali ianze ikiwa imefunguka kidogo.

Utajuaje kama gesi ni nyingi au chache? Injini yenyewe inasema. Sikiliza kinachotokea baada ya kompyuta kukata tamaa. Gesi ikifungwa, na mlio wa "puf" ukasikika hapo hapo gesi inapopungua, ilikuwa nyingi. Lakini kama mlio unakuja starta inapopunguza kasi huku gesi ingali ikiingia, tatizo lilikuwa upepo: starta ilizungusha haraka mno, hewa ikaizimua gesi na kuipoza plagi, na upepo ulipotulia ndipo vikakutana. Hapo mtu apunguze kasi ya starta kwenye hatua ya kuwasha. Naona uchungu kila ninapomwona fundi akiongeza betri yenye nguvu zaidi kwa imani kwamba starta kali ni bora, wakati injini yake inamlilia apunguze.

Na upepo wa nje usisahauliwe. Ndege ielekezwe pua kwenye upepo. Upepo ukija kutoka nyuma unaingia kwenye ekzosi, unapingana na mkondo wa injini, unarudisha moto mbele kwenye sehemu zisizojengwa kuustahimili.

Sasa yale macho ya kompyuta. Kompyuta haioni moto. Inaona mizunguko, na inaona volti ndogo sana kutoka kwenye sensa ya ekzosi, ambayo ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Sensa ya aina K, ndiyo inayotumika zaidi, inatoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja. Joto likipanda nyuzi 100, kinachoifikia kompyuta ni kama milivolti 4. Unganisho lililochafuka kidogo linaweza kuharibu habari hiyo. Ncha ya sensa ikiwa imejificha ukutani badala ya kuingia kwenye mkondo wa gesi, itapata joto polepole, na kompyuta itafunga gesi ikidhani hakuna moto, wakati moto upo. Na kama mtu amegeuza nyaya alipokuwa akitengeneza, joto likipanda kipimo kitashuka; hilo linajulikana kwa sekunde kumi, kwa kuipasha ncha ya sensa kwa kiberiti huku ukitazama skrini. Maneno "hakuna moto" kwenye skrini yana maana hii tu: ncha ya sensa haikuona joto kwa muda uliowekwa. Usiyape maana zaidi ya hapo.

Aina ya pili ya ugonjwa ni injini inayoshika kwa gesi, ikapanda kidogo, kisha ikafa mafuta ya taa yanapopokea kazi. Hii nimeona inawavunja moyo vijana kuliko ile ya kutoshika kabisa. Kwanza tazama mirija inayopitisha mwanga, toka tangi hadi injini, na utafute viputo. Mrija wenye tundu la milimita 2.5 ukiwa na kiputo cha urefu wa sentimita 10, hiyo ni nusu mililita ya hewa. Injini ikiwa kwenye kasi kubwa, inayokula karibu robo lita au zaidi kwa dakika, huenda isijali sana. Wakati wa kuwasha pampu inadondosha tu, na nusu mililita hiyo ni sekunde nzima au zaidi bila mafuta. Mwali mdogo wa gesi pekee hauwezi kuibeba injini kwa sekunde hiyo. Kiputo kikipita, mafuta yanarudi kwa mkupuo yakikuta mwali umekufa, na pale tunarudi kwenye moshi mweupe na dimbwi. Filta iliyoziba nusu inaleta dalili hizo hizo, na pampu ambayo haianzi kuzunguka kwa volti ndogo za mwanzo nayo ni hivyo: inakaa kimya, kompyuta inaongeza volti, kisha inaruka ghafla na kumwaga.

Nimalizie na jambo la nyanda za juu, kwa ajili yenu mnaotoka Nairobi, Mbeya na Arusha. Kwenye mwinuko wa mita 1,600 shinikizo la hewa ni karibu asilimia 82 ya lile la ufukweni. Kompresa inanyonya hewa nyepesi zaidi kila mzunguko, lakini pampu ya mafuta haijui iko wapi. Inapeleka kiasi kile kile ilichofundishwa. Mchanganyiko unakuwa mzito, joto la ekzosi linapanda haraka kuliko mizunguko, na kompyuta inazima kwa kujilinda. Injini iliyowekwa vizuri Mombasa inaweza kukataa kabisa ikipandishwa Nairobi, bila kifaa chochote kuharibika. Hapo mafuta ya kuwashia yapunguzwe, ongezeko lake liwe la taratibu, starta iachwe isaidie hadi mizunguko ya juu zaidi kabla ya kujiondoa, na mrekebishaji abadilishe kitu kimoja tu kati ya hivyo kwa kila jaribio, akiandika alichobadilisha na joto la juu kabisa alilosoma.

Mlioombwa kuja na plagi zilizotumika na betri za ndege zenu, zileteni hapa mezani. Mita ziko mbili, na starta imefungwa kwenye stendi. Tuzipime moja moja starta ikiwa inazunguka, na maswali tuyachukue wakati huo huo.